Tata wa Sinema na Kaseti ya Mutshatsha

Sauti yake niliijua kabla sijaiona sura yake. Nyumba zetu za Kapata, hapa Kolwezi, zilijengwa mbili mbili na kampuni ya migodi, zimegawana ukuta mmoja kama mapacha waliogawana mgongo, na ukuta wenyewe ni mwembamba kiasi kwamba jirani akinusa ugoro wewe ndiye unayepiga chafya. Asubuhi ya kwanza niliyoamka pale, na mke wangu, watoto watatu na diploma ya shule ya jioni iliyokuwa bado inanuka wino, nikasikia upande wa pili mzee anasalimia watu.

"Mama, muko muzima? Na ule mutoto alipona? Bon. Na weye papa, hapana kukimbia vile, utaanguka."

Nikamwambia mke wangu: huyu jirani ana wageni wasiopungua arobaini, na chai hawajapewa, maana sisikii kikombe hata kimoja. Nikazunguka kwenda kujitambulisha. Nikamkuta mzee peke yake, ameketi mbele ya kompyuta kuukuu ya kukunja, miwani moja machoni na mbili juu ya paji la uso. Ndani ya kioo ilikuwa ikipita harusi isiyo na sauti. Wageni wake wote arobaini walikuwa humo, na wengi walikuwa wamekufa zamani.

Kapata nzima ilimwita Tata wa Sinema, yaani Baba wa Sinema. Alikuwa na nyaya chumbani mwake ambazo ukiziunga moja kwa moja zingefika mji wa Tenke, zikanunua mkate, zikarudi. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi hata siku ambazo hakutarajia mtu, na siku ambazo hakutarajia mtu zilikuwa ndizo siku zote.

Zamani, kampuni ilipokuwa bado inawapa wafanyakazi wake unga, nyumba na sababu ya kuvaa tai, yeye ndiye aliyekuwa anaonyesha sinema kwenye ukumbi wa wafanyakazi. Katika miaka hiyo makarani na makapita, wale wasimamizi wa kazi, kadhaa wao walinunua kamera ndogo za mkono, wakawa wanajipigia sinema zao wenyewe: harusi, ubatizo, komunyo ya kwanza, mtoto anayejifunza kutembea kati ya viti. Filamu zenyewe zilikuwa nyembamba kama utepe wa kufungia nywele, na hazikuwa na sauti. Projekta za kuzionyeshea zilipoanza kufa, watu wakamkimbilia yeye. Naye akasema, bila wasiwasi wowote, kwamba ataziingiza zote kwenye kaseti za video.

Namna alivyofanya ilikuwa hivi. Alitundika shuka jeupe, la kitandani kwake, akarusha sinema juu ya shuka kwa projekta ya mwisho iliyobaki, kisha akaweka kamera ya video juu ya stuli pembeni ya projekta, ikarekodi kile kilichoonekana kwenye shuka. Basi. Alipomaliza akawaambia wenye filamu: tupeni, hazina kazi tena, kaseti ni ya milele. Watoto wa Kapata walifunga harusi za wazazi wao kwenye mikia ya tiara. Zilizobaki alizichoma yeye mwenyewe uani, na moshi wake, kwa maelezo ya mama mmoja, ulinuka kama kucha.

Kaseti zilibaki, lakini Mungu wangu, kaseti gani! Nyuzi za shuka zilionekana juu ya kila uso, utadhani bibi harusi alikuwa anaangalia kutoka ndani ya chandarua. Katikati ya picha kulikuwa na doa jeupe kama jua, na pembeni giza kama gunia la makala, makaa yetu ya kupikia. Mwanga ulikuwa unapepesa. Na kwa kuwa mwendo haukulingana, watu wote walitembea mbio mbio kama waliotibua nyuki. Padri alibariki kama anayefukuza nzi.

"Njo zambi yangu ile," aliniambia, yaani ndiyo dhambi yake. "Bengine baliuaka batu. Mi niliuaka filme."

Basi uzeeni, wakati wenzake wanahesabu meno yaliyobaki, alijifunza kompyuta. Aliposikia kwamba mashine inaweza kusafisha picha iliyonakiliwa vibaya, aliweka beseni nyuma ya baiskeli yake, akapita nyumba kwa nyumba kuomba kaseti zote alizozitengeneza yeye mwenyewe. Hakudai kitu. Alisema tu, "Mama, niliwaharibishiaka. Munipatie nitengeneze." Wengine walicheka, wengine walikuwa wamesahau kama kaseti wanazo, na beseni lilijaa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kumtia wazimu mtakatifu. Sekunde moja ya sinema ina picha kumi na nane, naye alizipitia moja moja. Alipunguza mwendo mpaka watu wakatembea kama watu. Alituliza ule mwanga unaopepesa. Na kwa zile nyuzi alibuni njia ambayo sijaisikia kwa mwalimu yeyote, na mimi nimesoma: shuka lile lile alikuwa bado nalo, limekunjwa ndani ya sanduku la bati. Akalitundika tena tupu, akalimulika, akalipiga picha, kisha akaiambia kompyuta, kwa namna ya kusema: kitu hiki, nyuzi hizi, mwanga huu wa katikati, vitoe kwenye kila picha. Zikatoka. Si zote, lakini nyuso zikaanza kutokeza kama mtu anayetoka kwenye ukungu wa Julai.

Alitumia miezi miwili kwenye komunyo ya dakika nne. Majirani wa nyuma walipoanza kuchimba kobalti uani kwao, kama wanavyochimba wengi hapa Kolwezi, na sululu zikawa zinatikisa meza yake, aliweka kichwa dirishani: "Bandugu, chimbeni polepole! Munatikisa bibi harusi!"

Wakamjibu kutoka shimoni: "Tata, umuambie bibi harusi ashuke atusaidie!"

Shukrani hakuipata kila mara. Kulikuwa na mama mmoja wa kwaya, mjane, ambaye mumewe marehemu alikuwa amesimama katikati kabisa ya lile doa jeupe. Tata wa Sinema alipambana na lile doa wiki sita. Mama alikuja, akaangalia, akakunja uso.

"Tata, bwana yangu mulimuweka wapi?"

"Si huyu hapa, mama."

"Hapana. Bwana yangu alikuwa anang'aa. Miaka yote anang'aa ku televizyo. Huyu ni mutu tu."

"Mama, ile ilikuwa makosa yangu. Ilikuwa taa ya projekta."

"Murudishe makosa yenu."

Akairudisha. Alinung'unika siku nane, ukuta mzima ukasikia. "Batu banapenda wafu babo bang'ae," alisema. Na mwanamume mwingine alikuja juu kabisa kwa sababu baba yake, baada ya mwendo kurekebishwa, alionekana anatembea taratibu. "Baba yangu alikuwa kapita! Kapita hatembeake vile, kama mutu wa pansheni!"

Lakini alikuwa na msemo mmoja, na huo alikuwa haugeuzi. "Mutu anasahau, mutu anabeba bongo. Picha haisemaki bongo." Bongo kwetu ni uongo, si ubongo, na ukibishana naye juu ya jambo lolote, atauliza picha iko wapi. Nilimwambia siku moja kwamba shule ya jioni nilimaliza wa kwanza kati ya mia mbili. Kwa kweli tulikuwa kumi na mmoja, na wa kwanza alikuwa mama mmoja wa soko.

"Picha iko wapi, Bwana Diplome?"

"Haipo, Tata."

"Basi haukumalizaka."

Alisema hivyo akicheka, lakini aliamini kweli. Kama nilivyomwona mimi, aliamini picha kuliko alivyoamini masikio, na masikio kuliko alivyoamini watu. Na mtu huyu huyu aliyeishi ndani ya harusi za wengine hakukanyaga harusi yoyote. Ukimwalika anasema, "Ikiharibika mutaniletea." Yeye mwenyewe hakukubali kupigwa picha. Mke wangu alijaribu mara moja na simu, mzee akajifunika uso kwa beseni.

Jumapili ndizo zilizokuwa ndefu kwake. Siku sita ana watu wake ndani ya kioo, lakini Jumapili alikuwa hafanyi kazi, aliogopa Mungu kiasi hicho. Aliwasha mbabula yake, jiko dogo la makaa, uani, akapika bukari, ugali wetu, wa mtu mmoja, na kupika bukari ya mtu mmoja ni kazi ngumu, unga haukubali. Kisha akala ndani. Alikuwa na viti viwili, cha pili kimejaa kaseti. Kupitia ukuta nilisikia sahani yake ikiwekwa mezani. Mimi ni mtu wa kelele, nyumba yangu ni soko, na bado sauti ya sahani ile ilikuwa inatunyamazisha sote. Tulimwita aje kula kwetu. Alikuja mara mbili, akakaa na shati lake la pasi, akala kama aliyeazimwa, akashukuru mno, halafu akaacha kuja.

Alikuwa na mke. Alikuwa hai, yuko Mutshatsha kwao, na hakuna aliyelizungumza jambo hilo mbele yake. Mabinti wao wawili walikuwa wameolewa mbali, wanapiga simu Krismasi. Mimi niliambiwa na yeye mwenyewe, asubuhi moja umeme ulipokatika, betri ya kompyuta nayo ikaisha, naye akabaki hana pa kuangalia ila kwangu.

Harusi yake nayo ilikuwa kwenye filamu. Si harusi ya kanisani. Ilikuwa siku ile baba yake alipokwenda Mutshatsha kumposea. Kwa kawaida ya ukoo wa yule mwanamke, baba wa kijana anampa baba wa binti kikombe cha munkoyo, ile togwa yetu ya mahindi na mizizi. Baba wa binti anakunywa, anampa binti mwenyewe. Binti akinywa, amekubali. Karani mmoja rafiki yao alikuwa na kamera, akapiga sinema ya siku hiyo. Na zamu ya kuziingiza filamu kwenye kaseti ilipofika, ile ya kwake Tata wa Sinema aliitengeneza kwa uangalifu kuliko zote.

Miaka ikapita. Wazee wote wawili wakafa, baba yake kwanza, kisha baba mkwe. Kwenye kilio cha mkwe, huko Mutshatsha, alibeba televisheni, jenereta na kaseti. Alitaka kuwapa zawadi: wamwone marehemu yuko hai, kijana, siku ya furaha yake. Watu walijaa uani. Marehemu akatokea kwenye kioo, wanawake wakalia kwa utamu. Ndipo baba yake mwenyewe akatokea, akanyoosha kikombe kwa mkono wa kushoto, huku anacheka.

Kushoto. Kwa mkwe. Mtu yeyote wa huku, Mluba, Mlunda, Mbemba, hata mlevi, hata mtoto wa miaka minne, anajua kwamba mkono ule humpi mtu mzima kitu. Shemeji yake, kaka wa mke, akasimama.

"Weka tena."

Akaweka tena. Kushoto, na kicheko.

"Weka tena."

Mara ya tatu shemeji akasema, "Baba yetu alipewaka kikombe na mukono ya kushoto, na banamucheka. Ju shiye ni batu ya kuchoma makala, na bao ni batu ya kampuni. Si vile, shemeki?"

Watu wote wakamwangalia. Waliokuwepo siku ile ya posa wengi walikuwa wamekufa, kaka mwenyewe alikuwa mtoto wakati ule, na ile nyumba ya zamani ilikuwa imeshaangushwa. Na Tata wa Sinema, badala ya kusema sijui, akasema msemo wake: "Picha haisemaki bongo." Akapiga magoti, akaomba msamaha kwa niaba ya baba yake mbele ya kilio chote. Akasema baba yake alikuwa mtu wa kiburi.

Kilio kilipokwisha, mke hakupanda gari. Alisema atabaki kidogo na wadogo zake. Hakurudi tena Kapata.

"Na weye, Tata, ulimufuata?"

"Nitamuambia nini? Aliona na macho yake. Tata yangu alimutukana baba yake." Akafuta miwani, moja baada ya nyingine, zote tatu. "Hata ku kaburi ya tata siendake."

Nikaelewa kwa nini ile kaseti moja ilikuwa chini kabisa ya beseni. Zote nyingine, komunyo na harusi za watu, alikuwa anajifunzia. Hiyo moja aliiogopa. Alitaka kuisafisha mpaka auone uso wa baba yake vizuri, aone kama kile kicheko kilikuwa kweli cha dharau. Ndicho kitu pekee alichotaka kujua kabla ya kufa, na alichotaka kuogopa kidogo zaidi kabla ya kukijua.

Aliianza mwaka jana, masika. Salamu za asubuhi zikaisha upande wa pili wa ukuta. Miezi mitatu nikasikia kibonyezo tu, tik, tik, kama mjusi.

Halafu asubuhi moja akagonga ukuta kwa ngumi. "Bwana Diplome! Kuya! Kuya mbio!"

Nilitoka na povu la sabuni nusu ya uso. Kwenye kioo alikuwa amesimamisha picha. Doa jeupe halikuwepo tena. Pale lilipokuwa alisimama mwanamume mwembamba, kikombe mkononi, mdomo wazi kwa kicheko.

"Unaona nini?"

"Naona mzee wako. Nakuona weye na ndevu."

"Mufuko. Mufuko ya shati iko wapi?"

Mzee kwenye picha alivaa shati la kazi la kampuni, lile ambalo wazee wetu wote walikuwa nalo, na mfukoni kulikuwa na kalamu. Sikuelewa. Tata wa Sinema akatoa kwenye msumari shati lake mwenyewe la zamani, la kampuni hiyo hiyo, akalibandika kifuani kwangu juu ya povu. Mfuko ukakaa juu ya moyo, kushoto. Akanionyesha kioo. Kwenye kioo mfuko ulikuwa kuume kwake yule mzee.

"Kampuni ilishonaka mashati kama majani," alisema. "Yote mufuko ku moyo. Yote."

Akabonyeza mara moja. Picha nzima ikageuka. Mfuko ukahamia moyoni, na kikombe kikahamia mkono wa kuume.

Alikaa. Baadaye sana ndipo alipoweza kunieleza. Filamu za watu wengine alizipiga kamera ikiwa pembeni ya projekta, zikatoka zimepinda kidogo, lakini upande wake ulikuwa sawa. Ya kwake hakutaka ipinde. Akatundika shuka mlangoni, projekta chumba kimoja, yeye na kamera chumba cha pili, akaipiga picha kwa nyuma, mwanga ukipita ndani ya kitambaa. Ikanyooka vizuri kabisa. Na kila mtu ndani yake akawa wa mkono wa kushoto, na doa lile jeupe likafunika ule mfuko miaka yote.

Nilitaka kucheka, mimi kila kitu kinanichekesha, lakini mzee alikuwa anatafuta jembe. Alikwenda makaburini peke yake, akalima nyasi za miaka ishirini na kitu. Hakutaka nimsindikize.

Wiki iliyofuata tulikwenda Mutshatsha, pikipiki mbili, yeye mbele yangu na kompyuta kifuani imefungwa kwa kitenge kama mtoto. Njia ilikuwa vumbi tupu. Nilikula vumbi la kutosha kujenga choo. Kila tuliposimama alirudia hotuba yake, na hotuba ilikuwa ya shemeji: atamwekea ile picha, ya kwanza na ya pili, atamwonyesha mfuko, kisha shemeji atasema mbele ya watu kwamba baba yake hakuwa mtu wa kiburi. Halafu mke atasikia. Halafu. Kwenye "halafu" hotuba ilikuwa inaishia kila mara.

Tulimkuta mama, mke wa Tata, ameketi mbele ya nyumba, ungo wa maharagwe magotini, anachagua mawe. Alikuwa mzee mzuri, mwenye mgongo ulionyooka kuliko wetu sote. Alimtazama mumewe akishuka kwenye pikipiki, kazi yote ya kushuka.

"Karibu, Tata," akasema, kama anavyoambiwa mgeni yeyote.

"Mama, muko muzima?"

"Niko."

"Natafuta shemeki. Niko na kitu ya kumuonyesha."

"Alishakufa. Kabla ya mvua ya mwaka ulipita."

Tata wa Sinema alisimama na mzigo wake kifuani. Hakuna aliyemwambia. Nani angemwambia? Nikamvutia kiti, akakaa, na kwa kuwa alikuwa hajui kufanya kitu kingine, akafungua kompyuta. Alikosea kibonyezo mara mbili mpaka mimi nikaiwasha. Alimwekea picha ya zamani, kisha ile mpya. Akamweleza mfuko. Akamweleza mlango, shuka, mwanga unaopita nyuma. Alieleza vizuri, kama mwalimu, na mwisho akasema, "Unaona? Ilikuwa kuume. Tata yangu alimupatia baba yako na mukono ya kuume."

Mama hakuonyesha mshangao wowote.

"Mi nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Nilikuwa pale, Tata. Si unaniona, njo mi huyu." Akagusa kioo kwa kidole chenye vumbi la maharagwe. "Kikombe kilitoka kwake, kikakuya kwa baba, kikakuya kwangu. Nilikuwa karibu kama hivi na huu ungo. Nilikunywa mi."

"Basi ju ya nini haukusema? Ku kilio, mbele ya batu, ju ya nini haukusema?"

"Nilingojea uniulize."

Kuku alipita kati yetu.

"Mi niko mukeo," mama akaendelea, wala sauti haikupanda, "niko mita tatu, na wamama wengine. Kaka yangu anakuuliza, unaangalia televizyo. Unaangalia kaseti. Haukugeuza kichwa kuniangalia. Ukapiga magoti, ukamuuza baba yako. Nikasema: mutu mwenye kumuuza baba yake ju ya kaseti, mi ataniuza siku gani? Nikangojea tena ile wiki. Nikasema labda atauliza ku njia. Labda atatuma mutu. Mvua ikakuya, ikaisha."

Mtu huyu niliyemsikia akiongea na wafu kila asubuhi alirudisha macho kwenye kioo. Mama akarudi kwenye maharagwe yake. Alitupa jiwe moja, la pili.

"Weka tena," akasema baadaye, "nione baba akitembea. Sasa anatembea muzuri."

Tuliiweka mara tano. Mara ya tano betri ikaisha, kioo kikawa cheusi, na sote watatu tukabaki tunaangalia kioo cheusi kama watu wenye adabu. Tata akaikunja kompyuta ndani ya kitenge. "Bon," akasema. Akainuka, akamshukuru mama kwa maji, akapiga hatua mbili kuelekea njiani.

Hapo ndipo aliposimama. Alisimama akiwa ametupa mgongo, na alipogeuka alikuwa anamwangalia mkewe usoni, bila miwani.

"Ile siku," akasema. "Tata yangu anacheka. Mudomo inatikisika, anasema kitu. Alisema nini?"

Mama aliweka ungo chini.

"Leo njo unaniuliza?"

"Leo."

"Alisema viatu binamuuma."

"Viatu?"

"Alikuwa ameazima viatu, bidogo. Akamuambia baba: ndugu yangu, kunywa mbio, nikae chini, hibi biatu bitaniua kabla ya kuona bajukuu. Batu bote bakacheka. Na baba akacheka, akamwaga munkoyo ku nguo yake." Akavuta stuli iliyokuwa nyuma yake, akaisukuma kwa mguu mpaka katikati. "Na ile baba alimujibu, ni murefu. Kaa."

Mimi ni mtu wa kuongeza chumvi, kila mtu Kapata anajua, na hapa ningependa sana kuongeza. Ningependa kusema kwamba alirudi naye. Hakurudi naye. Jioni tulirudi wawili na pikipiki mbili kama tulivyokwenda, na Jumapili iliyofuata sahani yake niliisikia kama kawaida.

Lakini saa ile nilijifanya nina kazi na tairi, nikaenda njiani, nikainama kando ya pikipiki isiyo na ubaya wowote. Kutoka pale nilisikia sauti ya mama ikiendelea, sasa polepole, sasa na kicheko kidogo ndani yake. Kila ilipotulia nilimsikia mzee.

"Eeh? Na weye? Weye ulisema nini?"